Kabla Hujapakia Mzigo: maswali tunayoulizwa sana na wakulima na wajasiriamali wa Tanga

Maswali haya sisi washauri wa masoko tumeyaokota kwenye magulio, barazani, na kwenye simu za saa mbili usiku, pale mtu ana matenga arobaini ya nyanya na Fuso aliyoahidiwa haijaonekana. Hayakupangwa kwa ufundi wowote. Bei zilizomo ni za kufanyia hesabu tu. Bei ya leo iulize leo.

Ushauri wa masoko ni kitu gani? Hiyo si kazi ya bwana shamba?

Bwana shamba, au bibi shamba, anaanzia kwenye mche: mbegu ipi, nafasi ya shimo, dawa, palizi. Sisi tunaanzia kwa mlaji: nani atakula, lini, anataka ukubwa gani, analipa papo hapo au baada ya wiki mbili, na mzigo utamfikia ukiwa na hali gani. Tukishajua hayo ndipo tunarudi shambani. Kazi hizi mbili zinahitajiana, na afisa ugani wa kata yako bado ndiye mtu wa kwanza kumwona.

Wazo lenyewe si letu. Mwaka 2006 Wakenya, kwa ushirikiano na Wajapani, walianza mpango wa SHEP, ambapo wakulima wa mboga walipelekwa sokoni wakaulize wenyewe kabla ya kuchagua cha kupanda. Tanzania ulifika mwaka 2019 kwa jina la TANSHEP, ukaanza na Arusha, Kilimanjaro na Tanga, na kauli yake ilikuwa "Anzia sokoni, malizia shambani." Tofauti kubwa iko hapo kwenye neno *wenyewe*. Bei uliyoletewa na mtu ni habari, na ile uliyoiuliza kwa kinywa chako inakupa pia jina na namba ya mtu wa kumpigia kesho.

Basi nitafutieni mnunuzi.

Hili ndilo swali linaloongoza, na jibu letu huwaudhi wengi: wanunuzi wapo. Msimu wa machungwa ukichanganya, malori yanaingia Muheza yenyewe bila kualikwa. Kabichi za Lushoto zinashuka Soni hadi Mombo kila siku ya Mungu. Ni mara chache sana tumekuta mazao mazuri Tanga yamekosa kabisa mtu wa kuyanunua. Tunachokikuta kila wiki ni mkulima asiyeweza kusubiri.

Mnunuzi mzoefu hakuulizi una gunia ngapi. Anatazama. Ada ya shule imekaribia? Mazao yameshachumwa au bado yako juu ya mti? Una pa kuyahifadhi? Akishajua ni nani kati yenu anayeweza kulala usingizi mpaka Jumatatu, bei imeshapangwa, hata kama mtabishana kwa saa nzima.

Kwa hiyo sisi tunaanza kwa kukuuliza: zao lako linakupa muda gani? Maziwa yanakupa saa chache. Nyanya iliyoiva, siku mbili tatu. Chungwa juu ya mti linaweza kukupa wiki kadhaa. Muhogo unakaa ardhini ukikungoja kwa miezi. Pilipili manga iliyokaushwa vizuri inakaa mwaka bila kukudai chochote. Ushauri mwingi unaofuata hapa chini ni wa namna ya kuongeza muda huo.

Mnunuzi anataka kununua machungwa yangu yakiwa bado maua. Nikubali?

Tunajua kwa nini unauliza. Maua yanakuja wakati mfuko umekauka, na mtu anakuja na noti mkononi. Hatutakwambia "usiuze kamwe," kwa sababu anayesema hivyo hajawahi kurudishiwa mtoto nyumbani kwa kukosa ada. Tutakwambia upige hesabu.

Tuchukue miti 60, kila mmoja machungwa 500. Hayo ni machungwa 30,000. Mnunuzi anakupa shilingi 600,000 kwa shamba zima, yakiwa maua. Maana yake umeuza kila chungwa kwa shilingi 20. Msimu ukifika, tuseme bei shambani ni shilingi 50. Toa moja ya kumi kwa yanayoanguka, yanayoibwa na yanayopigwa na nzi wa matunda, yanabaki 27,000, sawa na shilingi 1,350,000. Toa 200,000 za kuchuma na kubeba. Unabaki na 1,150,000. Tofauti ni shilingi 550,000, na hiyo ndiyo riba uliyolipa kwa mkopo ambao hukuuita mkopo.

Sasa jiulize shida yenyewe ilikuwa shilingi ngapi. Mara nyingi ni kama 200,000. Basi uza miti 20, acha 40. Kwa hesabu ileile, miti 40 itakupa machungwa 18,000 baada ya hasara, yaani shilingi 900,000. Toa kama 130,000 za kuchuma, ongeza 200,000 ulizochukua mapema, unafikia kama 970,000. Umelipa ada na hujauza shamba zima.

Ukilazimika kuuza, andika mambo manne: miti ipi (ipigwe alama ya rangi, na mpige picha), mwisho wa kuchuma ni tarehe ngapi, nani anapulizia dawa na kulinda, na mvua ya mawe ikipiga hasara ni ya nani. Tarehe ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Mwaka mmoja tulimkuta mzee mmoja, mnunuzi wake ameacha machungwa juu ya miti akingoja bei ipande, huku miti inachoka na maua ya msimu unaofuata yanasuasua. Karatasi yao haikuwa na tarehe, na hakukuwa na la kumfanya.

Kila nikipanda nyanya, bei inaanguka. Nina mkosi?

Huna mkosi, una majirani. Nyanya inachukua miezi miwili na nusu hadi mitatu tangu kuhamishiwa shambani. Bei ikipanda leo, bonde zima linasia kitalu wiki hii, na wote mnachuma wiki moja. Aliyepata bei nzuri ni yule aliyepanda wakati wewe unalalamika kuwa nyanya hailipi.

Dawa yake ni daftari, si dua peke yake. Andika bei ya jumla kila wiki kwa mwaka mzima, ya soko moja au mawili unayopeleka kweli. Kama ni Mgandini hapa mjini, andika ya Mgandini. Kama mzigo wako unakwenda Ilala, Dar es Salaam, andika ya Ilala. Mwaka wa pili utaona mabonde na milima. Wahenga wa biashara walisema mali bila daftari huisha bila habari, na sisi tunaongeza kwamba bei nayo hupita hivyohivyo. Kisha gawa kitalu chako mara tatu, kila sehemu ikipishana wiki mbili au tatu. Hutapata bei ya juu kwa mzigo wote, lakini na ile ya kutupa haitaukuta mzigo wote.

Kwa wenye maji ya mfereji huko Lushoto na Bumbuli, hapo ndipo mnapowazidi wenzenu wanaotegemea mvua, na wengi hamjautumia ubora huo. Mnapanda wakati wa masika kama watu wa tambarare, halafu mnashangaa.

Nipande nini ambacho nina uhakika kitauzika?

Uhakika hatuna. Tuna kalenda, na kalenda ambayo watu wa pwani tunaijua kuliko mtu yeyote ni ya Ramadhani. Mwezi ukiandama, mji mzima unataka vitu vilevile: mihogo, magimbi, viazi vitamu, ndizi mbichi, kunde, nazi, machungwa ya juisi. Hayo hayahitaji utafiti wa mtu mwenye tai. Cha ajabu ni kwamba mwezi huu tunaujua miaka mingi mbele, lakini ukifika, muhogo unaoliwa mtaani unakuta umetoka mbali na mwenye shamba la jirani anasema wake bado mchanga.

Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kawaida. Miaka hii inaangukia Februari na inasogea kuelekea Januari. Kiazi kitamu cha miezi minne kinatakiwa kiwe ardhini mwanzoni mwa mvua za vuli, Oktoba. Muhogo wa miezi tisa hadi kumi na miwili ulitakiwa upandwe tangu masika ya mwaka uliotangulia. Ukipanda kwa kufuata desturi ya babu, ambaye alipanda akiangalia Ramadhani ya Agosti, umekosea kwa miezi sita.

Zipo kalenda nyingine ndogo. Shule zikifunguliwa, bweni linataka maharage na kabichi kila wiki, na mzabuni wake anachoka kutafuta. Kukiwa na joto kali, barafu na juisi za mjini zinataka malimau na maembe. Mahoteli ya Pangani yana wakati wa wageni wengi na wakati wa ukimya. Nenda kaulize jikoni, si mapokezi.

Madalali si wezi?

Wapo wezi, kama walivyo wakulima wanaoficha nyanya mbovu chini ya tenga. Dalali mzuri anafanya kazi halisi: anamjua mwenye pesa, anamjua asiyelipa, anapata nafasi ya kushusha mzigo alfajiri, anakopesha nauli. Ukimwondoa, kazi hizo haziondoki. Utazifanya wewe, ukiwa umeacha ng'ombe nyumbani.

Tunachoshauri ni kumlipa dalali kwa namna unayoiona. Mkubaliane kiasi fulani kwa tenga au kwa gunia, na bei ya kuuzia uijue siku hiyohiyo. Ubaya unaanza pale anapokwambia "nitakupa 20,000 kwa tenga, ikizidi ni yangu." Hapo umempa sababu ya kukuficha bei. Na usiwe na dalali mmoja tu. Wapigie watatu jioni moja. Wakikutajia bei zinazofanana, hiyo ndiyo bei. Mmoja akitaja ya juu peke yake, muulize atalipa lini kabla hujafurahi.

Mnunuzi anataka gunia la lumbesa. Nikikataa anakwenda kwa jirani.

Na kweli atakwenda, ndiyo maana mtu mmoja hawezi kuikataa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Kijiji kinaweza. Sheria ya vipimo iko upande wenu: gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wana mamlaka ya kumkamata anayefungasha kile kilemba juu ya gunia. Lakini afisa hawezi kusimama kwenye kila shamba la viazi.

Kilichofanya kazi, pale tulipokiona kikifanya kazi, ni mzani wa kikundi uliowekwa mahali pamoja, na makubaliano kwamba hakuna anayeuza nje ya hapo kwa wiki nzima ya kwanza ya mavuno. Wiki ya kwanza ndiyo ngumu. Mnunuzi akiondoka mara moja na lori tupu, mara ya pili anakuja na lugha nyingine. Mzani uhakikiwe kila mwaka na uwe na alama ya Wakala, maana mzani usiohakikiwa ni lumbesa iliyovaa suti.

Kwa anayeuza peke yake: pima gunia lako moja nyumbani ujue lina kilo ngapi, kisha tafsiri kila bei kuwa bei ya kilo. Gunia la 80,000 lenye kilo 130 ni shilingi 615 kwa kilo. La 70,000 lenye kilo 100 ni shilingi 700. Wengi huchagua lile la 80,000.

Naweza kuuza Kenya mwenyewe, kupitia Horohoro?

Unaweza, na si jambo la kuogopa. Horohoro na Lungalunga ni kituo cha pamoja cha mpakani, kwa hiyo hukaguliwi mara mbili kama zamani. Kwa mfanyabiashara mdogo, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi: mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ulio kwenye orodha iliyokubaliwa na uliozalishwa ndani ya Jumuiya, unapewa cheti rahisi cha uasilia palepale mpakani na hautozwi ushuru wa forodha. Ada nyingine ndogondogo zinaweza kuwepo, kwa hiyo uliza kabla ya kukodi gari.

Matunda na mboga yanahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Omba mapema. Usifike getini na machungwa yameshaanza kutoa harufu ndipo uanze kuuliza ofisi iko wapi.

Mahindi yana somo lake. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu inayotokana na kuvu. Baada ya siku chache ilifungua, ikiweka masharti, mojawapo likiwa sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Malori yalikwama, na waliopata hasara ni pamoja na watu waliokuwa na mahindi masafi kabisa ila hawana cheti cha kuthibitisha. Wakulima wa Handeni na Kilindi, sumukuvu inaanza kwenye kukausha: mahindi yakauke hadi unyevu wa asilimia 13.5, juu ya turubai, si juu ya udongo. Huna kipima unyevu? Tia konzi za mahindi kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu kidogo, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani.

Maziwa yangu yanakataliwa kituoni. Wananionea?

Huenda, lakini kwanza tuseme ukweli kati yetu. Kipimo cha uzito wa maziwa husoma kati ya 26 na 32 kwa maziwa halisi. Kikisoma chini ya hapo, maji yameonekana, na hakuna maelezo yatakayomridhisha mpokeaji. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wafugaji nao wamo.

Ila wengi wanaokataliwa hawakutia maji. Wanaangushwa na kile kipimo cha alkoholi: maziwa yakigandamana, yameshaanza kuchacha. Sababu kubwa ni maziwa ya jioni yaliyolala ndani ya dumu la plastiki lililowahi kuwa la mafuta ya kula. Dumu hilo halisafishiki, hata ukilisugua na mchanga. Nunua kopo la alumini au la chuma kisichoshika kutu, hata kwa mkopo wa kikundi. Maziwa ya jioni yatie ndani ya maji baridi mara tu baada ya kukamua, na usiyachanganye na ya asubuhi.

Tanga ina bahati ambayo mikoa mingi inaitamani: ushirika wa wafugaji wenye vituo vya kukusanyia na kiwanda mjini. Mteja wa mtaani atakulipa zaidi kwa lita, ni kweli. Lakini mwezi wa mvua, majani yakiwa tele na kila ng'ombe anatoa, mteja huyo atakukimbia. Wanaofanya vizuri tunaowajua hupeleka kituoni sehemu kubwa mwaka mzima na kuuza mtaani kiasi kidogo.

Sisi ni akina mama wa mwani, Mkinga. Bei anapanga anayetupa kamba.

Shikamooni mama zetu. Hapa hatuna jibu la mkato. Mnunuzi anayewapa kamba na taitai, vile vikamba vidogo vya kufungia mwani, amewakopesha, na ameandika riba ndani ya bei ya kilo. Hatua ya kwanza ni kujua kamba hizo zingegharimu kiasi gani mkizinunua wenyewe kwa kikundi, na zinadumu misimu mingapi. Msipojua namba hiyo hamwezi kujadiliana.

Hatua ya pili ni ukaushaji. Kilo saba hadi kumi za mwani mbichi zinatoa kilo moja kavu, kwa hiyo kila kilo inayokatwa kwa sababu ya mchanga inauma. Anikeni juu ya chanja, si mchangani, na mvua ikitishia funikeni, kwa kuwa maji ya mvua yanaharibu mwani uliokauka nusu. Spinosamu na kotonii, zile aina mbili za mwani, msizichanganye, hata kama mnunuzi hajali leo. Kotonii ina bei zaidi, lakini maji ya ufukweni yakipata joto inapauka na kukatika, kwa hiyo anayeitaka inabidi aangalie maji ya kina na njia ya kuelea. Sabuni za mwani ni nzuri, lakini zinauzika kwa wageni na kwenye maonyesho kuliko dukani. Anzeni na chache.

Viungo vya kwetu Amani vinasifiwa sana. Mbona sisi tunauza bei ya chini?

Kwa sababu ya wezi, tukisema bila kuficha. Pilipili manga inatakiwa ichumwe punje za kwanza za kishada zikianza kuwa nyekundu. Anayeogopa kuibiwa anachuma zikiwa kijani changa, zikikauka zinakuwa nyepesi na zimesinyaa, na mnunuzi anazipima kwa jicho moja tu. Karafuu na iliki nazo zina hadithi hiyohiyo.

Ushauri wa soko hapa unakuwa ushauri wa ulinzi. Kijiji kikubaliane siku ya kufungua msimu, na mtu yeyote anayeuza viungo kabla ya siku hiyo aulizwe amevitoa wapi, pamoja na duka linalovinunua. Baada ya hapo ndipo tuzungumze kuchambua kwa daraja, kukausha juu ya mikeka safi, na kutunza hadi masika yapite. Barabara ya kupanda Amani ikiwa tope, wanunuzi wanaofika ni wachache na wanajua ni wachache.

Ushuru wa mazao nilipe mimi?

Kisheria anayelipa ni mnunuzi, ingawa sote tunajua huwa anaukata kwenye bei yako. Mwaka 2017 ushuru huo ulishushwa kutoka asilimia 5, na mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine uliondolewa ushuru. Dai risiti ya mashine kila mara.

Nasindika achari na siagi ya karanga. Nifanye nini ili niingie kwenye maduka makubwa?

Kwanza jiulize kama unayataka. Duka kubwa linalipa baada ya siku 30, 60 au zaidi, na chupa zisizouzika linakurudishia. Mtaji wako ukiwa ni wa chupa mia, utakaa ukingoja pesa huku jiko limezima. Maduka kumi ya Ngamiani yanayolipa taslimu yanaweza kukufaa zaidi mwaka wa kwanza.

Ukiwa tayari, njia ni hii: TIN, yaani namba ya mlipa kodi, kutoka TRA, ambayo haina malipo, jina la biashara kutoka BRELA, wanaosajili biashara, kisha SIDO, shirika la viwanda vidogo, ambao watakuelekeza kuhusu mafunzo na barua ya utambulisho kwenda TBS, shirika la viwango. Tangu 2019 masuala ya usalama wa chakula yaliyokuwa TFDA, ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, yako TBS. Wajasiriamali wadogo waliopitia SIDO wamekuwa wakipewa nafuu ya kutolipia alama ya ubora miaka ya mwanzo, kwa hiyo usimlipe mtu wa mtaani anayekuambia atakupatia alama "kwa haraka." Msimbo wa mistari (barcode) wa Tanzania huanza na 620. Ukiuziwa unaoanza na namba nyingine, umeuziwa wa nchi nyingine.

Karanga nazo zina sumukuvu. Ukisaga mbovu, umeificha ndani ya chupa yenye jina lako.

Nilime mkonge? Kila mtu anasema unalipa.

Mkonge uliletwa huku na Dk. Richard Hindorf mwaka 1893, na bado ndio sura ya Tanga. Lakini unangoja kama miaka mitatu kabla ya kukata jani la kwanza, na jani likikatwa halingoji. Nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani, kwa hiyo kubeba majani mbali ni kubeba maji. Kabla ya kununua hata mche mmoja, tafuta korona, ile mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani, iko wapi, foleni yake ikoje, na nani anapangiwa zamu kwanza. Korona ikiwa mbali au ikiharibika mara kwa mara, lima kitu kingine.

Mkopo mzuri ni upi?

Ule unaolingana na muda wa zao. Marejesho ya kila wiki yanamfaa mama ntilie, yanamuua mwenye mahindi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Utaratibu ulisimamishwa mwaka 2023, ukarejea mwaka uliofuata. Ulizia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, navyo vinafaa kwa ile shida ndogo inayokufanya uuze maua.

Niuze kwa WhatsApp?

Ndiyo, kwa asali, viungo, nazi na vitu vinavyokaa. Picha iwe ya mzigo ulionao leo. Usitume bidhaa kwa kuamini tu ujumbe wa muamala anaokutumia mteja. Angalia salio lako kwanza.

Mkataba na mnunuzi unahitaji mwanasheria?

Kwa mzigo wa kawaida, hapana. Karatasi moja inayosomeka, yenye uzito, daraja, bei, tarehe ya kuchukua, namna ya kulipa, na nini kitatokea mmoja akichelewa. Shahidi awe mtendaji wa kijiji, na kila mtu abaki na nakala. Kama neno "daraja la kwanza" limo, wekeni na mfano wa tunda au picha, maana daraja la kwanza la Jumatatu huwa la tatu Ijumaa.

Ushauri wenyewe mnalipisha?

Wa afisa ugani ni bure. Washauri binafsi hulipisha, na ni haki yao. Mwulize tu mshauri swali moja kabla hujamlipa: je, mnunuzi unayeniletea anakupa chochote? Akijiumauma, yeye ni dalali, na dalali ana malipo yake tuliyokwisha kuyaeleza.

Mnakuja kijijini kwetu?

Tunakuja mkiwa kikundi, watu kumi au zaidi. Andaeni mzani, hata wa kuazima, gunia moja la zao lenu kama mnavyoliuza siku zote, na namba za simu za watu watatu waliowahi kununua kwenu. Saa ya kwanza tutapima gunia hilo. Ya pili tutawapigia hao watatu, mbele yenu, simu ikiwa kwenye spika. Na mama mwenye daftari la mauzo ya mwaka jana, hata kama limeandikwa nyuma ya daftari la hesabu la mtoto, akae mbele.